Jengo la kale linabomolewa: kuvua vipande, kufumua kwa mikono, kuokota nyuma ya mashine au kuchukua nakala?

Kibali cha kubomoa kimeshatoka, mabati yamezungushwa, na mwenye jengo amekubali kuwaachia muda kidogo kabla mashine hazijaingia. Ndani mna ngazi ya chuma cha kusubu, milango ya mbao ngumu, vioo vya rangi ngazini, dari la plasta lenye maua. Nje kuna terakota, yaani mapambo ya udongo wa kuchoma, na mawe ya kuchonga. Havitaokoka vyote, na vitakavyookoka havitatoka kwa njia moja.

Njia zenyewe ni nne. Unaweza kuvua vipande teule na kuliacha jengo lingine liende. Unaweza kulifumua jengo, yaani kulivunja kwa mikono kuanzia juu kushuka chini, kinyume cha lilivyojengwa. Unaweza kukubaliana na mkandarasi uokote nyuma ya mashine. Au unaacha vitu vilipo na kuchukua nakala: vipimo, picha, kalibu (umbo la kumiminia nakala ya pambo).

Jambo moja liwekwe sawa kwanza. Kibali cha kubomoa si ruhusa ya kuchukua. Katika mikataba mingi ya ubomoaji, kila kinachotoka jengoni ni mali ya mkandarasi, na thamani yake keshaipigia hesabu kwenye bei aliyotoa. Ruhusa ya mwenye jengo peke yake basi haitoshi. Pata maandishi ya wote wawili, yataje vipande kimoja kimoja kwa picha, tarehe, saa za kuingia, na nani anabeba gharama mtu akiumia. Mkiandika tu “vitu vya mapambo” mmeshaandika ugomvi wa baadaye.

## Vya kupima kabla ya kuchagua

Wengi huanza na uzuri wa kipande. Anza na jinsi kilivyofungwa. Kuna vinavyoning’inia: milango kwenye bawaba, taa, vyuma vya madirisha. Kuna vilivyopachikwa: mikanda ya mbao, vigae, fremu ya meko, mapambo ya plasta. Na kuna vinavyobeba: nguzo, tao, linta (boriti ya juu ya mlango au dirisha), mawe ya karniso (ukingo unaojitokeza juu ya ukuta). Vya kundi la kwanza hutoka kwa bisibisi. Vya la pili hutaka subira. Vya la tatu havitoki bila mhandisi na viegemezo, hata kama vinaonekana kama pambo tu. Karniso ya mawe ndiyo mtego mkubwa kuliko yote: mara nyingi haikushikwa na kitu ila uzito wa ukuta ulio juu yake. Ukianza kwa kuondoa ukuta huo mdogo wa paa kwa sababu “haukuwa na kitu cha maana”, jiwe linalojitokeza nje linaweza kupinduka lenyewe.

Pili, uzito, na huu hupigiwa hesabu kabla ya mtu kushika kitu. Jiwe la chokaa la sentimita 60 kwa 40 kwa 30 lina kilo kama 170. Hilo halibebwi, linanyanyuliwa kwa kapi au kreni. Kioo kina kilo 2.5 kwa kila mita ya mraba kwa kila milimita ya unene. Tofali moja la zamani la kawaida lina kilo mbili na ushee hadi tatu, maana yake matofali elfu moja ni tani mbili na ushee hadi tatu, na sakafu ya ghorofa iliyooza haitakusamehe ukiyapanga hapo.

Tatu, sumu. Rangi za zamani aghalabu zina madini ya risasi, ambayo ni sumu. Marekani ilizipiga marufuku majumbani mwaka 1978, na jengo lolote la kabla ya hapo lihesabu kuwa nazo mpaka lipimwe. Usizichome kwa moto wala kuzisugua zikiwa kavu. Asbesto, nyuzi za madini zinazodhuru mapafu, hukaa kwenye mavazi ya mabomba, vigae vya sakafu na mbao za dari: usiikate, usiivunje, usiifagie, iachie wenye leseni. Kinyesi cha njiwa kilichorundikana darini kinaweza kuwa na kuvu wa kushambulia mapafu, kwa hiyo hulowanishwa maji kabla ya kukigusa, na barakoa iwe ya kuchuja vumbi laini kabisa, si ya kitambaa.

Nne, kumbukumbu ya mahali, na tano, makazi ya kipande baada ya kutoka. Haya mawili huachwa mwisho na ndiyo huamua kama kazi yote ilikuwa na maana. Mfano unaojulikana ni wa Tao la Euston, lango kubwa la mawe la stesheni ya reli, London, lililovunjwa mwaka 1961 na 1962. Mawe yake mengi yaliishia kuziba shimo kwenye kitanda cha mfereji mashariki mwa jiji, na hayakujulikana yalipo mpaka mwaka 1994. Milango yake ya chuma, iliyopelekwa kwenye jumba la makumbusho ya reli, iko hadi leo.

Na usalama haujadiliwi kwa njia yoyote kati ya hizi. Richard Nickel, mpiga picha wa Chicago aliyeokoa mapambo mengi ya majengo ya msanifu Louis Sullivan, aliingia peke yake katika jengo la Chicago Stock Exchange, soko la hisa la zamani, tarehe 13 Aprili 1972, ubomoaji ukiwa umeshafika mbali. Sehemu ya jengo ilimwangukia. Mwili wake ulipatikana karibu wiki nne baadaye. Alikuwa mzoefu kuliko wengi wanaosoma maneno haya. Msiingie chini ya watu wawili, awepo wa tatu nje mwenye saa na simu, na jengo likishaanza kuguswa na mashine lihesabiwe kuwa jengo jingine, lisilofanana na mlilolikagua wiki iliyopita.

## Njia ya kwanza: kuvua vipande teule

Muda. Siku moja hadi kumi. Mlango mmoja wenye fremu na mikanda yake, ukitolewa vizuri, ni kazi ya mafundi wawili kwa saa mbili hadi nne. Anayekuambia dakika ishirini anauvunja.

Mikono na zana. Watu wawili hadi sita, angalau mmoja wao seremala. Mitaimbo bapa miwili, kisu cha kukatia, koleo, bisibisi pana, tindo, msumeno wa umeme wenye wembe mrefu wa kukata chuma, plaiwudi, sponji, mifuko midogo ya plastiki, kalamu ya risasi laini.

Hapa inafaa kutazama mlango kwa karibu, maana kosa lolote linalofanyika mlangoni hufanyika kwingine kote. Piga picha ukiwa umesimama pande zote mbili, uandike namba yake na upande bawaba zilipo. Skrubu za bawaba zitakuwa zimefunikwa na rangi mara saba. Chokonoa mfereji wa skrubu kwa ncha kali mpaka chuma kionekane, weka bisibisi, igonge kwa nyundo mara moja, kisha kaza kidogo kabla ya kulegeza. Kukaza kwanza ndiko kunakovunja kutu. Ukishaondoa mlango, usiiguse fremu mpaka uipigilie ubao wa kuvuka chini na mbao mbili za mshazari, la sivyo itatoka ikiwa imepinda na haitarudi kuwa na pembe nne za haki. Halafu pitisha wembe wa msumeno kati ya fremu na ukuta, ukate misumari badala ya kuing’oa.

Mikanda ya mbao inayozunguka mlango hukatwa kwanza mstari wa rangi kwa kisu, pale mkanda unapokutana na plasta. Mtaimbo huwekwa karibu na msumari, si katikati ya misumari miwili, na nyuma yake kipande chembamba cha ubao ili plasta isibonyee na mkanda usipasuke. Misumari iliyobaki kwenye mkanda huvutwa kwa koleo ikitokea nyuma. Ukiigonga irudi mbele, kichwa chake kitang’oa bonge la mbao usoni, na hilo halizibiki bila kuonekana.

Vioo vya rangi vilivyoungwa kwa risasi vitoe pamoja na fremu yake ndogo kila inapowezekana. Risasi ya miaka mia imechoka. Paneli ikilazwa bapa hewani hukunjika kwa uzito wake yenyewe na vioo hupasuka kimoja baada ya kingine. Hubebwa wima, husafirishwa wima, huhifadhiwa wima, katikati ya plaiwudi mbili zenye sponji. Tepe hubandikwa tu palipokwisha pasuka, tena si juu ya rangi iliyochorwa kwa mkono, kwa maana itaivua.

Kinachopatikana. Vilivyo vizuri zaidi na vilivyo rahisi kutumika tena: milango, vyuma, mikanda, meko, vioo, vigae vichache, ngazi kama imefungwa kwa boliti. Chuma cha kusubu kina tabia ya kioo kikianguka, hivyo kishushwe kwa kamba, kipande kwa kipande, kuanzia juu. Vyuma vya roshani vilivyozamishwa kwenye mawe kwa risasi havivutwi: ama unachimba risasi kwa keekee ndogo, ama unakata chuma juu kidogo ya jiwe na kukubali kwamba umepoteza sentimita mbili.

Kinachokwenda mrama. Kuchukua uso na kuacha mwili. Mlango bila fremu, kitasa bila bamba lake, meko bila vipande vya pembeni, nusu ya vigae vya sakafu kwa sababu gari lilijaa. Kingine ni bawaba na skrubu kumwagwa kwenye ndoo moja. Kila mlango na mfuko wake, mfuko ufungwe kwenye mlango.

Makazi. Chumba kikavu chenye hewa kinatosha. Milango isimamishwe kwa ubavu wake mrefu juu ya vibao, isiguse sakafu ya saruji.

Inamfaa nani. Mwenye muda mfupi, mafundi wachache, na anayejua tayari kitu kitakwenda wapi. Pia jengo ambalo uzuri wake uko ndani na si kwenye kuta zenyewe.

## Njia ya pili: kulifumua jengo

Muda. Wiki, mara nyingine miezi. Nyumba ndogo ya mbao huweza kumalizika ndani ya wiki mbili hivi kwa kikosi kilichozoea. Jengo la ghorofa la mawe ni hesabu nyingine kabisa. Kasi hii ndogo ndiyo iliyofanya miji michache iingilie kwa sheria: Portland, katika jimbo la Oregon, tangu 2016 inadai nyumba kongwe zifumuliwe badala ya kupigwa mashine. Mwanzoni zilikuwa zile za 1916 kurudi nyuma, baadaye zikaongezwa mpaka za 1940.

Mikono na zana. Mhandisi wa majengo, mwashi, seremala, vibarua, kiunzi cha nje, kreni au kapi, na mtu mmoja ambaye kazi yake ni kuandika tu. Huyu wa mwisho ndiye hupunguzwa wa kwanza bajeti ikibana, na ni kosa.

Mpangilio wake wa namba uwe rahisi kiasi cha kusomwa na mtu aliyechoka. K-07-12: ukuta wa kaskazini, mstari wa 7 kutoka chini, jiwe la 12 kutoka kushoto. Namba hiyo hiyo iwe kwenye mchoro au picha ya ukuta, kwenye jiwe, na kwenye kreti. Juu ya jiwe iandikwe upande utakaofichwa na udongo wa kuungia, si usoni. Chaki hufutika na mvua ya kwanza na karatasi huliwa na unyevu. Kibati cha alumini kilichogongwa namba na kufungwa kwa waya wa shaba hudumu.

Kinachopatikana. Karibu kila kitu, pamoja na vile ambavyo njia nyingine haziviwezi: boriti za mbao za miti ya zamani, mbao za sakafu, matofali, kuta nzima za mawe, terakota. Chumba cha biashara cha Chicago Stock Exchange kiliokolewa kwa kazi ya namna hii. Sehemu za michoro yake ya stensili, vichwa vya nguzo vya plasta na vioo vya rangi vilihifadhiwa wakati wa ubomoaji, na mwaka 1976 na 1977 chumba kikajengwa upya ndani ya jumba la makumbusho ya sanaa, Art Institute of Chicago. Tao la mlango wa jengo hilohilo limesimama nje ya jumba hilo.

Kwa matofali, kila kitu kinategemea kilichoyaunganisha. Kwaruza kiungo kwa msumari. Kikitoka unga mweupe na msumari ukazama, ni chokaa: tofali litaachana na mwenzake kwa kugongwa kidogo na kusafishwa kwa tindo. Msumari ukiteleza na kuacha mstari wa kijivu, ni saruji, nayo mara nyingi ni ngumu kuliko tofali lenyewe, kwa hiyo kitakachovunjika ni tofali. Fanya jaribio hilo sehemu tano tofauti, maana kuta hukarabatiwa, na upande mmoja unaweza kuwa chokaa na wa pili saruji ya fundi wa juzijuzi.

Terakota ni kazi ya mstari kwa mstari kutoka juu. Kila kipande ni kisanduku cha udongo wa kuchoma, tupu ndani au kimejazwa matofali na udongo, kikashikwa nyuma kwa vyuma. Vyuma vimeshika kutu, kutu imevimba, udongo umepasuka bila kuonekana nje. Kigonge kwa kifundo cha kidole: kizima kinalia, chenye ufa kinajibu kwa sauti ya kufa. Viungo vya wima hukatwa kwanza kwa wembe mwembamba wa almasi, kisha chuma cha nyuma, kisha kipande huinuliwa. Hakichomolewi kwa mtaimbo, hata mara moja. Kingo zake nyembamba ndizo zinazopokea nguvu yote.

Kinachokwenda mrama. Kusahau kwamba sakafu zilikuwa zinazishika kuta. Ukitoa boriti za ghorofa ya pili bila kuegemeza ukuta wa nje, umeacha ukuta mrefu umesimama peke yake ukisubiri upepo. Kosa la pili ni mwanzo mzuri unaoishiwa fedha katikati: nusu ya jengo imewekwa namba, nusu imeliwa na buldoza, na kreti arobaini za mawe zisizoweza kujenga kitu.

Makazi. Uwanja, si chumba. Mawe yapangwe juu ya paleti za mbao, mstari kwa mstari, mbele ya picha yenye namba. Terakota na mawe laini yafunikwe turubai huku hewa ikipita, kwa maana maji yakiingia ndani ya terakota kisha yakaganda kwa baridi huipasua. Na andika anayelipia uwanja huo kwa miaka mitano ijayo.

Inamfaa nani. Taasisi, halmashauri, mwenye jengo anayetaka kulihamisha au kurudisha uso wake kwenye jengo jipya, na yeyote mwenye soko la mbao na matofali ya zamani. Haimfai mwenye mapenzi peke yake.

## Njia ya tatu: kuokota nyuma ya mashine

Muda. Saa kadhaa kila siku, kwa ratiba ya mkandarasi.

Mikono na zana. Watu wawili hadi wanne, kofia ngumu, viatu vyenye ncha ya chuma, glavu nene, mikokoteni, maji ya kunyunyizia vumbi, na dereva wa mashine aliye tayari kusaidia. Mkae naye asubuhi, mmwonyeshe kwa picha vipande vitatu au vinne mnavyovitaka hasa, si ishirini. Mchanga umwagwe mahali, aviteremshe hapo. Hakuna anayesogea mpaka ndoo ya mashine iko chini, mkono wa dereva umeachia, naye ametoa ishara. Mnyororo wa chuma usifungwe moja kwa moja kwenye jiwe la kuchonga. Tumia mkanda mpana wa kunyanyulia.

Kinachopatikana. Zaidi ya watu wanavyodhani na pungufu ya wanavyotumaini. Matofali ya chokaa huja yenyewe. Mawe mazito ya linta, ngazi za mawe, boriti za chuma, zile nyota na sahani za chuma zinazoonekana ukutani nje kushikilia vyuma vya ndani: hizo zote hustahimili. Terakota nyingi huja vipande, lakini kipande kilichovunjika chenye umbo kamili upande mmoja kina thamani kwa fundi wa kutengeneza kalibu. Plasta na kioo sahau.

Kinachokwenda mrama. Njia hii ikifanywa kwa kupenyeza mkono, kwa maelewano ya mdomo na mlinzi wa usiku, ndiyo ya hatari kuliko zote nne. Mengine ni ya kawaida: dereva hubadilishwa mchana na mwenzake hajaambiwa kitu, lori la kifusi huondoka na kreti yenu. Stesheni ya Pennsylvania, New York, iliyoanza kubomolewa Oktoba 1963, inaonyesha pande zote mbili za bahati hii. Baadhi ya tai wake wa mawe walishushwa kwa kreni na wako hadi leo. Sanamu nyingine zilitupwa kwenye vinamasi vya New Jersey pamoja na kifusi.

Makazi. Vitu vinakuja vichafu na vimechanganyika. Tenga siku moja ya kuchambua kwa kila siku mbili za kuokota, la sivyo uani kwako kutakuwa dampo la pili.

Inamfaa nani. Aliyechelewa, mwenye uhusiano mzuri na mkandarasi, anayetaka vifaa vya kujengea zaidi ya vitu vya kale. Fundi wa ukarabati wa nyumba za rika hilohilo hufaidi sana hapa.

## Njia ya nne: kuchukua nakala

Muda. Siku moja ya picha na vipimo hukupa kumbukumbu nzuri ya jengo dogo. Kalibu moja ya silikoni, pamoja na kuisubiri ikauke, ni siku mbili.

Mikono na zana. Watu wawili. Kamera, fito mbili zilizopimwa, tepu, kadi ya rangi, taa. Ukitaka picha zigeuzwe umbo la pande tatu kwenye kompyuta, kila picha ifunike asilimia 60 hadi 80 ya iliyotangulia, mwanga usibadilike, na fito ionekane angalau kwenye picha kadhaa kila upande. Bila kipimo ndani ya picha utakuwa na sura nzuri isiyo na ukubwa.

Kwa kalibu ya plasta: safisha vumbi kwa brashi laini, jaribu dawa ya kuzuia kugandana kwenye kona isiyoonekana, maana plasta hunywa. Tabaka la kwanza la silikoni liwe jepesi, lipakwe kwa brashi taratibu ili mapovu yatoke kwenye mikunjo ya majani. Ongeza matabaka mpaka unene wa milimita tano au sita. Juu yake ganda gumu la plasta yenye nyuzi za katani, lililogawanywa vipande viwili au vitatu kama ua lina mikunjo ya ndani. Ganda la kipande kimoja litanaswa. Chukua rudio moja kamili la pambo, kisha kona, kisha mahali pambo linapoishia. Kona ndiyo husahaulika, na ndiyo fundi wa kesho hawezi kuibuni.

Kwa rangi, chagua mahali pa siri, ukwangue ngazi: kila hatua ikionyesha tabaka moja la chini zaidi mpaka plasta. Ipige picha na kadi ya rangi kando.

Kinachopatikana. Umbo, mpangilio na rangi ya vitu visivyong’oleka, hasa mikanda ya dari iliyofinyangwa papo hapo juu ya fito. Hiyo haitoki nzima kwa vyovyote. (Ile iliyotengenezwa karakana kwa plasta na katani na kufungwa kwa skrubu hutoka, ukiipitia kwa nyuma.) Na nakala si mtoto wa kambo. Kalibu za plasta za Nguzo ya Trajan, zilizochukuliwa karne ya 19 na kuwekwa London, zinaonyesha michongo ambayo nguzo yenyewe Roma imeshaipoteza kwa uchafu wa hewa. Marekani ilianzisha mwaka 1933 mpango wa taifa wa kuchora na kupiga picha majengo ya kihistoria, na mengi ya yaliyochorwa humo sasa yamebaki kwenye karatasi tu.

Kinachokwenda mrama. Silikoni kubeba rangi inayobabuka na kuacha nakala yenye magamba. Picha mia nane zisizo na majina. Diski moja, kwa mtu mmoja, bila nakala ya pili.

Makazi. Rafu moja. Lakini kalibu ihifadhiwe ndani ya ganda lake, kwa maana ikiachwa bila ganda hulegea na kupoteza umbo. Na ni vyema ukamimina nakala ya kwanza ya plasta mapema, siyo miaka kumi baadaye.

Inamfaa nani. Asiye na pa kuweka, asiye na ruhusa ya kung’oa, au mwenye jengo lililojaa asbesto kiasi kwamba muda wa kukaa ndani ni mfupi mno.

## Ukiwa katika hali gani, uelekee wapi

Una asubuhi moja na watu wawili: piga picha kwa nusu saa, kisha nendeni kwa vinavyoning’inia kwanza. Mlango wa mbele na fremu yake wote ni bora kuliko milango mitano bila fremu.

Una wiki moja na mafundi wazuri: vua vipande, na mtu mmoja achukue kalibu za dari wakati wengine wako milangoni. Njia hizi mbili haziingiliani, mradi kalibu zianze mapema, kabla vumbi la kung’oa mikanda halijajaa hewani.

Una miezi na mwenye jengo anayelipa: pima viungo kwa msumari. Vikiwa chokaa, kufumua kuna hesabu. Vikiwa saruji tupu, fumua mbao na vioo, mawe ya kuchonga yatoeni kwa kreni, na matofali muyaachie mashine bila majuto.

Mashine zimeshaanza: msiingie ndani tena kwa sababu yoyote. Kilichobaki ni mazungumzo na dereva na mkandarasi, na kamera yenye lenzi ndefu kutoka upande wa pili wa barabara.

Unachotaka ni uso wa jengo usimame tena mahali pengine: hakuna njia ya mkato, ni kufumua, na namba, na uwanja uliolipiwa. Kama bado hamjui jengo jipya litakuwa wapi, chukueni tao la mlango na mistari miwili ya karniso pamoja na kona zake, mkachore yaliyobaki kwa vipimo kamili.

Na kama jibu la “tutaweka wapi?” bado ni “tutaona”, anza na njia ya nne leo. Kisha mpigie mwenye ghala kabla hujampigia fundi.